Deni la Vita

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walikuwa wakimwonya mtu mmoja mmoja na tamaa yake, lakini usemi huo unaifaa zaidi serikali iliyo vitani. Siku vita vinapotangazwa ngoma hupigwa, vijana hupanda malori wakiimba, na hakuna anayeuliza bei. Siku hiyo serikali hukopa kwa raia bila kuandika hati. Humkopa mama mwanawe, mwenye lori lori lake, mkulima gunia lake, mfanyakazi nusu ya mshahara wake. Humkopa mwenye nyumba hata mwanga wa taa dirishani, ili ndege za adui zisione mji uko wapi. Bunduki hupata sifa na mashairi. Huku nyuma, kwenye foleni ya sukari na kwenye kitanda cha mtoto aliyepelekwa mbali na wazazi, ndiko nchi inakobebwa au kuangushwa.

Kwa hiyo, mtu akitaka kuijua serikali, asisome tu orodha ya mapigano iliyoshinda. Aulize mambo mawili. Je, wakati wa dhiki kipimo kilikuwa kimoja kwa wote? Na je, vita vilipokwisha, deni lililipwa? Serikali ikiyatimiza hayo, watu huvumilia makubwa, hata yale ambayo wakati wa amani yangeiangusha kwa wiki moja. Ikishindwa, hata ushindi huwa mchungu mdomoni.

Suala la kipimo wazee wetu hawakulichukulia kimchezo. Nafaka pwani iliuzwa kwa pishi na kibaba, na muuzaji aliyepunguza kibaba chake alijulikana mtaa mzima. Qurani ina sura inayobeba jina la wapunjaji wa vipimo. Kupunja ni dhambi siku zote. Kupunja wakati wa njaa ni kuua.

Nianze na Uingereza ya vita vya pili vya dunia, kwa sababu pale mtu anaweza kuona kwa uwazi jinsi kazi hii inavyofanywa vizuri, na pia inavyoharibiwa. Nchi ile iliingia vitani tarehe 3 Septemba 1939. Ni kisiwa, sehemu kubwa ya chakula chake ilitoka ng'ambo kwa meli, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikiziwinda meli hizo baharini. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 29 Septemba, kila mtu aliandikishwa na kupewa kitambulisho. Kutokana na daftari hilo vikatolewa vitabu vya mgao, na tarehe 8 Januari 1940 mgao ukaanza kwa nyama ya nguruwe ya kukausha, siagi na sukari. Nyama nyingine zikafuata, kisha majani ya chai, kama gramu 57 kwa mtu kwa wiki. Kwa Mwingereza hiyo si chai, ni kumbukumbu ya chai. Mwaka 1941 nguo nazo zikaingia: kuponi 66 kwa mwaka mzima, na suti moja ya mwanamume ilikula 26. Mwaka 1942 ikawa zamu ya sabuni.

Waziri wa Chakula tangu Aprili 1940 alikuwa Lord Woolton, mtu aliyetoka katika biashara ya maduka makubwa, na alijua jambo ambalo wanasiasa wengi hawalijui: kwamba mtu anayepanga foleni hakasirishwi na uchache wa bidhaa kama anavyokasirishwa na kumwona jirani akipita mlango wa nyuma. Mgao ulizuia hilo: kila familia iliandikishwa kwenye duka lake, na mwenye duka akaletewa mzigo kwa hesabu ya watu walioandikishwa kwake. Fungu la mtu lilikuwa linamsubiri. Hakuwa na haja ya kufahamiana na mkubwa wala kumpa muuzaji chochote chini ya meza. Mkate na viazi viliachwa bila mgao kwa muda wote wa vita, ili mchimba makaa na mbeba mizigo wapate cha kujaza tumbo. Mkate wenyewe uligeuzwa rangi: tangu 1942 watu walikula mkate wa kahawia wa unga usiokobolewa sana, na walinung'unika sana, lakini walikula.

Kipimo kimoja hakikuwa na maana ya kufumba macho. Wajawazito, mama wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka mitano walipewa kitabu cha kijani, tofauti na kile cha watu wazima. Kuanzia Julai 1940 walipata painti moja ya maziwa kila siku kwa bei ndogo, na maskini walipewa bure. Mwishoni mwa 1941 vikaongezwa mafuta ya samaki na maji ya matunda. Mwanzoni mwa vita vifo vya watoto wachanga vilipanda; kufikia 1944 vilikuwa vimeshuka hata chini ya vile vya kabla ya vita. Nchi inapigwa mabomu, meli zinazama, na watoto wachanga wanakufa wachache kuliko walivyokuwa wakifa wakati wa amani na shibe. Hilo linasema mengi juu ya amani ile. Chakula kilikuwepo, ila hakikuwa kinafika kwa maskini, na ilihitajika hofu ya kushindwa vita ili mtu akifikishe.

Kodi nayo ilifuata njia hiyo. Kiwango cha kodi ya mapato kilipanda hadi nusu ya mapato, na faida ya ziada ambayo kampuni iliipata kwa sababu ya vita ilitozwa asilimia 100 tangu 1940. Mwishoni mwa 1943, migodi ya makaa ya mawe ilipopungukiwa na watu, serikali ilianza kuchukua mmoja kati ya kila vijana kumi walioitwa jeshini na kumpeleka mgodini. Waliteuliwa kwa kura, kwa tarakimu ya mwisho ya namba zao za kuandikishwa. Mtoto wa tajiri mwenye tarakimu hiyo alishuka shimoni pamoja na mtoto wa bawabu. Na hata miaka miwili baada ya vita, mwaka 1947, mrithi wa ufalme Elizabeth alipoolewa, nguo yake ya harusi ilinunuliwa kwa kuponi. Wanawake waliomtumia zao kwa mapenzi walirudishiwa, kwa kuwa sheria ilikataza kuponi kuhama mkono.

Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Uingereza nayo ilikuwa na wenye shibe wake. Kwa zaidi ya miaka miwili mtu mwenye fedha aliweza kwenda hotelini akala nyama bila kutoa kuponi, huku mke wa kibarua akigawa kipande kimoja kwa watoto wanne. Watu walilalamika, na mwaka 1942 ndipo serikali ikaweka kikomo: mlo wa hoteli usizidi shilingi tano. Hoteli kubwa zikapata njia za kutoza huduma pembeni. Magendo yalikuwepo pia. Yako katika kila vita.

Kosa lililo baya zaidi ni la Septemba 1940. Mabomu yalianza kuinyeshea London kwa nguvu tarehe 7, na yaliendelea usiku hadi usiku, siku 57 mfululizo. Waliopigwa kwanza walikuwa maskini wa mashariki ya jiji, karibu na bandari, ambao nyumba zao hazikuwa na bustani ya kuchimba handaki. Chini ya miguu yao kulikuwa na vituo vya treni za ardhini, virefu na salama, na serikali ilikuwa imekataza visitumiwe kama mahandaki. Iliogopa kwamba watu wakiingia hawatatoka tena, kwamba watapoteza ujasiri. Watu hawakubishana nayo. Walinunua tiketi ya bei ndogo kabisa, wakashuka na mablanketi yao, wakalala. Baada ya muda mfupi serikali ilisalimu amri, ikaleta vitanda na vyoo. Asubuhi wale waliodhaniwa watajificha walipanda ngazi wakaenda kazini. Mtawala anayewadhania raia wake uoga huwa anasoma moyo wake mwenyewe.

Na hofu hiyohiyo ilifanya dhuluma. Mwaka 1940 maelfu ya watu wa asili ya Kijerumani na Kiitalia walifungwa kambini bila mashtaka, wengi wao wakiwa Wayahudi waliokuwa wamemkimbia Hitler mwenyewe. Meli ya Arandora Star iliyokuwa ikiwasafirisha wafungwa kuelekea Kanada ilizamishwa mwezi Julai, na zaidi ya watu 800 wakafa. Naliandika hili makusudi, kwa sababu anayeisifu serikali ya vita bila kuwataja waliofungwa anaisifu nusu tu ya kazi yake.

Kuna tukio moja ambalo nadhani liliibadilisha Uingereza kuliko hotuba zote za Churchill. Katika siku za mwanzo za Septemba 1939, watu kama milioni moja na nusu, wengi wao watoto wa shule, walihamishwa kutoka mijini kwenda vijijini, kwenye nyumba za watu wasiowajua. Matajiri wa mashambani walifungua milango wakaona watoto wa taifa lao wenyewe wakiwa na chawa, wakiwa na nguo moja tu, wengine hawajazoea kulala kitandani peke yao. Wapo waliochukizwa na watoto hao, wakaandika barua za malalamiko. Wapo walioona aibu. Kwa mara ya kwanza mwenye shibe alilala nyumba moja na mwenye njaa, na baada ya hapo hakuweza tena kusema hajui.

Ndipo suala la deni likaanza kuzungumzwa hata kabla ya ushindi. Desemba 1942, vita vikiwa katikati, William Beveridge alitoa ripoti ya jinsi taifa litakavyomlinda kila mtu dhidi ya ugonjwa, uzee na ukosefu wa kazi. Watu walipanga foleni kuinunua. Mwaka 1945 walimwondoa madarakani Churchill, mtu aliyewavusha, wakachagua chama kilichoahidi kuitekeleza ripoti hiyo, na tarehe 5 Julai 1948 huduma ya afya ya taifa ikaanza: matibabu kwa wote bila malipo mlangoni. Sehemu ya kodi ya vita ilikuwa imetozwa kwa ahadi ya kurudishwa. Serikali ilichelewa mno, hadi miaka ya 1970 ilikuwa bado inamalizia, lakini ilirudisha. Mgao wenyewe ulidumu hadi Julai 1954. Watu waliuchoka, walitukana, na bado kizazi kile kilipozeeka kiliukumbuka kwa fahari ambayo sisi tunaotazama kutoka mbali tunaweza kushindwa kuielewa.

Sasa tuigeuze sarafu, maana serikali hiyohiyo ya London ilikuwa na kibaba kingine kwa ajili yetu.

Katika vita vya kwanza, kati ya Agosti 1914 na Novemba 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika ardhi ya Afrika Mashariki ambako barabara zilikuwa chache na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Mzigo ulibebwa na watu. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, na mwaka 1917 msako wa kuwaandikisha kwa nguvu ulipita vijijini hadi katika Kenya ya leo wanaume wazima wakawa adimu katika baadhi ya wilaya. Ujira ulishushwa ili usipandishe mishahara ya mashamba ya walowezi. Chakula kilikuwa unga wa mahindi ambao watu wengi hawakuuzoea wala hawakupewa muda na vyombo vya kuupika ukaiva, na tumbo la kuhara damu likawaua wengi kuliko risasi. Waliokufa wanakadiriwa kukaribia au kuzidi 100,000. Walioua ni wahasibu wa nafaka na madaktari waliokosekana.

Ugogo ulipata msiba wake. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, kisha Waingereza walipoiteka nchi ile mwaka 1916 wakachukua tena katika nyumba zilezile. Mvua zilipokosekana hakukuwa na akiba ghalani wala mikono ya kulima. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inakadiriwa kuua watu 30,000 katika taifa la watu kama 150,000. Mmoja kwa kila watano. Tumezoea kusema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, kana kwamba ni ajali ya porini. Ugogo haikuwa ajali. Kulikuwa na maofisa wenye madaftari, waliojua ni magunia mangapi yametoka katika kila kijiji, na hawakuandika popote ni mangapi yanapaswa kubaki.

Na deni? Wapagazi maelfu kwa maelfu walikufa kabla ya kupokea ujira wao, na familia zao hazikulipwa. Oscar Watkins, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wapagazi, alipigania fedha hizo zirudi kwa watu wa Afrika Mashariki. Wenye hazina huko London walikataa. Kilichobaki ni jina la kikosi, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na sanamu ya askari wa shaba iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927.

Mtu anaweza kusema hayo yalikuwa ya zamani, watu hujifunza. Basi tazama 1942. Mwaka uleule ambao Woolton alihesabu maziwa ya kila mtoto wa London, serikali ya koloni la Kenya iliwawekea walowezi bei ya mahindi iliyo juu kuliko ile aliyolipwa mkulima Mwafrika kwa mahindi yaleyale, na ikaruhusu watu kuandikishwa kwa lazima kwenda kufanya kazi katika mashamba binafsi ya walowezi hao. Tanganyika nako watu walichukuliwa kwa lazima kwenda kwenye mkonge, kwa kuwa Wajapani walikuwa wameteka nchi za Asia zilizotoa nyuzi. Mvua ilipokosekana, njaa ikaingia vijijini 1943. Ujuzi wa kugawa sawa ulikuwepo. Vitabu vya kijani vilikuwepo. Kilichokosekana ni kutuhesabu sisi kama watu wa kudaiwa nao.

Tulipojitawala tulipata vita vyetu. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaua raia, yakapora ng'ombe wa ranchi ya Missenyi kwa maelfu, yakabomoa daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alisimama katika ukumbi wa Diamond Jubilee akawaambia Watanzania kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo, na nia ipo. Waziri Mkuu Edward Sokoine akaiamuru mikoa ikusanye kila kilichohitajika. Malori na mabasi, ya mashirika na ya watu binafsi, yalielekea Bukoba. Wafugaji walitoa ng'ombe, wakulima mazao, wafanyakazi fedha, na vijana wa mgambo kwa makumi ya maelfu wakaingia jeshini. Sijui kama nchi hii imewahi kuwa kitu kimoja kuliko miezi ile. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Kisha hesabu ikaletwa mezani. Vita viligharimu takribani dola milioni 500, katika nchi maskini iliyokuwa imetoka tu kuvunjikiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na bei ya mafuta duniani ikipanda. Mwalimu aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wakafunga. Miezi 18 ikapita, ikaja mingine, na mikanda haikulegezwa hadi katikati ya miaka ya 1980. Waliokuwepo wanakumbuka foleni ambazo watu walipanga mawe na vikapu badala ya miili yao, sabuni iliyokatwa vipande, na orodha ya balozi wa nyumba kumi iliyoamua nani apate kilo ya sukari. Mwalimu mwenyewe aliishi maisha ya kawaida, na hilo liliwapa watu subira ambayo kiongozi mwingine asingepewa. Lakini chini yake, kipimo kilikwisha kupinda. Aliyekuwa na kibali cha mkubwa hakupanga foleni. Vitenge na mafuta ya kupikia viliondoka ghalani usiku. Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983 watu wengi walimshangilia, na nawaelewa, walikuwa wameona mengi. Hata hivyo sheria ile ilipeleka watu mbele ya baraza maalumu badala ya mahakama za kawaida, na mchuuzi mwenye doti chache za khanga alijikuta kapu moja na mlanguzi mwenye ghala.

Ninamheshimu sana Nyerere, na nadhani vita vya Kagera vilikuwa vya haki. Kwa hiyo nasema kwa uzito: ahadi ya miezi 18 haikupaswa kutolewa. Ilikuwa bora kuwaambia watu kwamba haijulikani dhiki itakwisha lini, na kuwaonyesha kila mwaka kilichotumika na kilichobaki. Watu waliotoa ng'ombe wao bila kulazimishwa wangeyabeba maneno hayo. Walichoshindwa kubeba ni kuambiwa kesho, kisha kesho, huku wakimwona mwenye kibali akipita mlango wa nyuma.

Na dawa ya deni ni kulipa. Askari waliokufa katika vita vile wanayo makaburi yao ya heshima Kaboya, wilayani Muleba, na taifa huwakumbuka kila tarehe 25 Julai. Aliyetoa ng'ombe, aliyetoa lori likarudi chuma chakavu, mama aliyewapikia wakimbizi waliokimbia kutoka ng'ambo ya Mto Kagera, hao hawana mnara. Wengi ni wazee wa miaka sabini na themanini sasa. Ndugu msomaji, kama unaye mmoja nyumbani au mtaani kwenu, mwulize wiki hii alitoa nini, kwa nani, na kama alirudishiwa. Andika jina lake na majibu yake, upeleke nakala kwenye ofisi ya kata na kwenye maktaba ya shule iliyo karibu nawe.